Muuza pweza hakuombi hela kabla hujala

Andiko la leo ni refu kidogo, kaa mahali utulie, na ikiwezekana uwe umeshakula maana humu kuna samaki wengi.

Kuna sentensi naikuta kwenye kurasa zenu karibu zote: "MALIPO KABLA YA MZIGO. Hatutumi bila kulipia. Kama huna nia usinisumbue." Herufi kubwa, na wengine mnaweka alama tatu za mshangao kabisa, kama mnagombana na mtu. Msimamo wangu ni kwamba kwa biashara nyingi ndogo za mtandaoni, sentensi hiyo inafukuza hela nyingi kuliko zile ambazo wasumbufu wote unaowaogopa wangekupotezea. Sio biashara zote, zipo ambazo hiyo sheria ni halali yake na nitazitaja. Ila nyingi.

Hili jambo lilipata mjadala mkali sana kwenye safari moja ya kwenda Kilwa kula samaki. Tulikuwa watano kwenye Noah, wote tunauza mtandaoni. Mmoja anauza viatu vya mtumba, mmoja vitenge na mashuka, mmoja vipodozi, mmoja ni fundi wa magauni ya sherehe, na mimi. Tukachanga mafuta, tukatoka Dar alfajiri. Lengo lilikuwa moja tu, kula vya baharini njia nzima, kwenye vibanda na mabeseni ya barabarani, sio hotelini.

Barabara ya Kilwa wengi mnaijua. Mbagala na foleni yake, Mkuranga na korosho zake, Kibiti, Ikwiriri, halafu unavuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa. Kabla halijafunguliwa mwaka 2003 watu walikuwa wanategemea pantoni, na mto ukijaa mnakaa mnautazama. Pale mtoni kuna kambale na perege, lakini hao ni wa maji baridi, sio tulichofuata. Tukapita.

Ubishi ulianza kabla hatujafika hata Kibiti. Mwenzetu wa vipodozi alipigiwa simu na mteja wa Mbezi, anataka mafuta na losheni, jumla elfu ishirini na nane, ila anaomba alipe boda akifika mlangoni. Dada yetu akajibu kama ilivyoandikwa kwenye ukurasa wake, tuma kwanza ndo nikuletee. Mteja akasema sawa, nitakutafuta. Simu ikakatwa. Yeye akasema wateja wa siku hizi waongo tu, hana hela huyo. Wa viatu akamuunga mkono. Mimi nikauliza, umejuaje kama hana hela? Labda anayo na anaogopa. Hapo gari likachafuka.

Maana ukweli ni kwamba mteja wa mtandaoni anaogopa. Yeye mwenyewe au ndugu yake ameshatuma hela kwa mtu mwenye picha nzuri na wafuasi wengi, akafungiwa namba. Au alitumiwa kiatu cha mguu mmoja saizi 40 na mwingine 41. Huyo akikuta herufi kubwa zinamwambia atangulize hela, haoni mfanyabiashara makini. Anaona kitu kilekile kilichomuuma. Na hatakwambia kwamba anaogopa, si aibu? Atakwambia "nitakutafuta".

Sasa twende Somanga.

Somanga iko wilaya ya Kilwa, kijiji cha pwani kilichokaa juu ya barabara kuu, kwa hiyo mabasi ya Lindi, Mtwara na Masasi yote yanapita hapo. Wauzaji wanakuja na sinia na mabeseni, samaki wa kukaanga, kamba, pweza, ngisi. Sisi tulipaki pembeni tukanunua vyetu taratibu, kisha tukakaa kwenye kivuli tunakula na kuangalia mabasi. Kama unauza mtandaoni na hujawahi kukaa dakika ishirini kuangalia biashara ya dirisha la basi, umekosa darasa la bure.

Angalia hatari iliyopo pale. Basi halijazima injini. Abiria yuko juu, muuzaji yuko chini. Abiria akitoa noti kwanza, basi linaweza kuondoka samaki akabaki chini. Muuzaji akitangulia kutoa samaki, basi linaweza kuondoka na samaki na hela. Hawajuani, hawana namba za simu, na uwezekano mkubwa hawataonana tena maishani. Hiyo ndo inboksi yako boss, tofauti ni kwamba wewe huna basi linalokufanya ukimbie.

Na bado samaki wanauzwa, tena haraka. Nilikuwa namfuatilia mama mmoja mwenye beseni la bluu. Samaki wake walishafungwa kwenye mifuko tayari, ndimu iko ndani na pilipili iko ndani, hakuna cha kusubiri. Bei anaitaja kabla hujamuuliza, anaitaja huku anatembea: elfu tatu huyu, elfu tano huyu mkubwa. Noti za chenji kazikunja katikati ya vidole, za elfu moja moja na elfu mbili mbili. Ukionyesha noti ya elfu kumi haanzi kuhangaika kutafuta chenji kwa jirani. Mkono wa kulia unapanda na mfuko, wa kushoto unapokea. Vinabadilishana hewani.

Kuna basi moja liliondoka abiria akiwa ameshashika samaki, bado anapekua mfukoni. Mama akakimbia hatua kama kumi pembeni ya dirisha, noti ikarushwa, ikaokotwa vumbini. Tukamuuliza baadaye kama wapo wanaoondoka bila kulipa. Alisema wapo, ila sio kila siku, na akianza kudai hela mkononi kabla hajainua mfuko, abiria watanyoosha mkono kwa mwenzake wa pembeni. Alilisema bila uchungu wowote, kama mtu anayekutajia bei ya kuni.

Hiyo "kama bei ya kuni" naomba uishike. Kwake yeye samaki anayepotea dirishani ni gharama ya biashara, anaijua na ameshaiweka kwenye bei. Mafuta ya kukaangia, kuni, mifuko, ndimu, na samaki wawili watatu wa kuondoka na basi. Sisi mtandaoni tukipoteza oda moja tunaandika statasi nne za kuwatukana wateja wote, hata wale elfu moja ambao hawajatukosea kitu.

Na kumbuka anabeba hatari hiyo akiwa na mzigo unaooza. Samaki aliyekaangwa leo, kesho mchana ana hali nyingine. Kiatu chako kikirudi na boda unakipangusa unakirudisha kwenye rafu. Kitenge chako kikirudi ni kitenge kilekile. Kwa hiyo wa kuogopa zaidi ni nani kati yenu?

Hapo Somanga nimegundua pia konda ana sehemu yake kwenye hii biashara, maana yeye na dereva ndio wanaochagua basi lisimame wapi. Nayaacha kwanza hayo.

Ukifika Nangurukuru unaacha barabara ya Lindi, unakata kushoto kuelekea baharini mpaka Kilwa Masoko. Kesho yake asubuhi tulivuka kwenda Kilwa Kisiwani kuona magofu, yale yaliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Ni mazuri, nendeni, lakini hapa tunaongelea mapishi.

Jioni ya kwanza tukasimama kwa kijana mmoja wa pweza. Meza ndogo, sinia, taa, vijiti vya kuchokolea meno, bakuli la pilipili, na sufuria ya supu inatoa moshi. Kabla hatujagusa kitu akatuambia kwamba kipande leo ni mia tano, wiki iliyopita kilikuwa mia tatu, sababu maji mafu.

Kwa ambao hamjakulia pwani, niwaeleze kidogo. Bahari inajaa na kupwa kila siku, lakini haipwi sawasawa. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanakwenda mbali sana, ndio bamvua hiyo. Mwamba unakauka, na watu, wengi wao wanawake, wanatembea kwa miguu na fimbo zao wakichokoa pweza kwenye mashimo. Kati ya bamvua moja na nyingine kuna siku za maji mafu, bahari inapwa kidogo tu, mwamba haufunguki vizuri, pweza anabaki kuwa wa wapiga mbizi. Anapungua sokoni, bei inapanda. Dagaa naye ana mambo yake na mwezi. Anavuliwa usiku kwa taa, sasa mwezi ukiwa mpevu kote kweupe, taa haimvuti, mashua nyingi zinapumzika.

Huyo kijana hakuandika "bei inboksi". Hakusubiri tule kwanza halafu atushtue. Alitaja bei, akataja na sababu, na sababu yenyewe unaweza kwenda ufukweni ukaiona kwa macho yako. Tungeweza kuondoka. Hatukuondoka hata mmoja.

Na samaki wabichi wa kuchagua ilikuwa hivohivo. Mzee wa kibanda cha jirani alikuwa na changu na kolekole kwenye ndoo, akamshika changu mmoja akamfunua mashavu mbele yetu bila kuambiwa. Mashavu mekundu, macho yamejaa hayajazama, ukimbonyeza nyama inarudi. Kuna mmoja akamweka pembeni mwenyewe, akasema huyu ni wa asubuhi, kama mnamtaka nawapunguzia. Nyie mnaopiga picha za kiatu upande mzuri tu na kuficha soli iliyolika, mmesikia? Kasoro aliitaja yeye, na baada ya hapo kila alichokisema tulikiamini.

Turudi kwenye pweza. Tukaanza kula. Watu watano, kila mtu na kijiti chake, mikono inapishana kwenye sinia, mwingine anaongeza pilipili, mwingine anaomba supu. Supu kikombe cha kwanza alitupa bure. (Kuhusu supu ya pweza na mambo ya ndani ya nyumba mimi sisemi kitu, mliooa mnajua wenyewe.) Hana daftari, haandiki popote, hatuulizi. Anakata, anageuza, anapiga stori za mpira. Dada wa vipodozi alikula vipande vinane, nilimhesabu. Tulipomaliza kijana akataja hela ya kila mtu, mmoja mmoja. Hakukosea hata kipande.

Yaani alitulisha wageni watano kutoka Dar, gari liko hapo limewashwa, tungeweza kuingia na kuondoka. Alitegemea nini? Alitegemea macho yake kwanza. Pili, kipande kimoja ni mia tano, akipigwa amepigwa kidogo. Tatu, na hili naona ndo kubwa, alijua mtu akishaonja kimoja na kikawa kitamu, hela haina ugomvi tena. Mteja anayetoa hela huku anajilamba vidole haulizi maswali kumi na tano.

Pweza mzima ni mnyama wa bei. Ungemwekea mtu pale mezani useme lipa pweza mzima ndo nikukatie, usingeuza. Yeye kamkata. Mwenye mia tano anaanza, na mwenye mia tano ndiye anayefikisha elfu nne bila kujua imekuwaje.

Sasa ngoja nimtetee fundi wetu wa magauni, kwa sababu hapo hapo mambo yaligeuka. Tulitaka kamba kochi watano kwa ajili ya mchana wa kesho yake. Kijana akasema anaweza kutafutiwa, ila sura ikawa ya kazi kabisa. Anataka nusu kwanza. Sio robo, nusu. Tukashangaa, si wewe umetulisha pweza bila hata kutuuliza majina? Akaeleza vizuri tu. Kamba kochi hana, itabidi alfajiri aende kwa wavuvi anunue kwa hela taslimu, na sisi tukipotea, pale mtaani kwake hakuna mtu wa kuwanunua watano kwa bei hiyo kwa siku moja.

Fundi akapiga makofi. Si ndo nilichokuwa nasema tangu Mbagala!

Ni kweli ndo alichokuwa anasema, na kwa kazi yake yuko sahihi asilimia mia. Gauni limekatwa kwa kifua cha mtu fulani, rangi ya kamati yake fulani. Mwenyewe akiingia mitini humuuzii mtu mwingine hata kwa nusu bei. Lakini angalia, yule yule muuzaji, jioni ile ile, wateja wale wale, ana sheria mbili. Pweza kula kwanza, kamba kochi nusu kwanza. Hajaandika ubaoni "MALIPO KABLA" kwa kila kitu. Anauliza kitu kimoja tu kichwani mwake: hiki kitu mteja akinikimbia, nitakiuza kwa mwingine?

Swali hilo ndilo linalopaswa kuamua kianzio. Unachoweza kumuuzia mtu mwingine kesho, usimkabe mteja akulipe leo kabla hajakiona. Usichoweza kumuuzia mwingine, chukua hela ya kutosha kufidia. Keki yenye jina la mtoto, chukua yote hata. Gauni, angalau kitambaa na sehemu ya ufundi. Fremu yenye picha ya harusi ya watu, vivyo hivyo. Ila losheni? Losheni ile ile mteja wa Mbezi akiikataa, wa Kinondoni anaitaka. Mashuka je? Viatu vya mtumba?

Wa viatu hakukubali. Akasema hayo ni maneno ya tumbo lililoshiba, yeye boda anamdai nauli mteja akizima simu. Hoja ya haki kabisa. Basi tukachukua kalamu usiku ule ule kwenye baraza ya gesti, tukapiga hesabu zake. Nakuwekea kama tulivyozipiga, wewe weka namba zako.

Kiatu ananunua na kukisafisha kwa elfu ishirini, anauza elfu thelathini na tano, faida elfu kumi na tano. Kwa makadirio yake mwenyewe, katika watu kumi wanaoulizia mpaka mwisho, akidai hela kwanza wanalipa watatu. Faida 45,000. Sawa. Akiruhusu kulipa mlangoni, tuseme saba wanakubali, lakini wawili wanazima simu boda akiwa getini. Watano wamelipa, 75,000. Wale wawili wamemtia hasara ya boda kwenda na kurudi, elfu nne nne, yaani elfu nane kwa kila mmoja, jumla 16,000. Kimebaki 59,000. Na vile viatu viwili bado ni vyake.

Akasema je wakikataa watatu? Tukapiga. Wanne wanalipa, 60,000, toa 24,000, inabaki 36,000. Hapo ameshindwa, bora alivyokuwa. Kwa hiyo sikwambii lipia mlangoni ni dawa ya kila mtu. Kama eneo lako au aina ya wateja wako wanazima simu karibu nusu, endelea na sheria yako. Lakini wangapi kati yenu mmewahi kuhesabu? Wengi mna kumbukumbu ya mteja mmoja aliyewaudhi mwaka juzi, na mnaendesha duka zima kwa hasira ya yule mmoja.

Halafu ipo njia ya katikati, ambayo wa vitenge anaitumia muda mrefu na alikaa kimya safari nzima akituangalia tunavyobishana. Mteja anatuma nauli ya boda tu. Elfu nne. Hela ya mzigo analipa akishaushika, ameukunjua, ameangalia upana, ameangalia rangi mchana kweupe. Mtu mwenye nia ya kukuchezea hatumi hata hiyo elfu nne. Mtu mwoga anaituma, kwa sababu hata akiibiwa ameibiwa elfu nne. Ndo kipande cha pweza hicho. Ukipiga kwenye zile hesabu za viatu, hata wakikubali sita badala ya saba na mmoja akazima simu, faida ni 75,000 toa nauli ya kurudi 4,000. Sabini na moja.

Ila boda wako awe mtu wako. Usimtume kijana uliyemkuta kwenye kona akashike elfu thelathini na tano yako. Mteja alipe moja kwa moja kwenye namba yako ya biashara, boda anasubiri getini mpaka meseji iingie kwako, unampigia, anaachia mzigo. Na ujumbe uonekane kwenye simu yako wewe, sio skrinshoti ya mteja. Skrinshoti haina tofauti na picha ya samaki.

Kuna watakaosema kibanda kina faida ambayo mtandao hauna, kwamba mteja anaona moto, anaona samaki, anamwona muuzaji usoni. Ni kweli, na ndio maana sisi tunatakiwa kufanya kazi zaidi kumwondolea mteja uoga, sio kufanya kidogo halafu tumlaumu. Hana mashavu ya kufunua, basi mfunulie wewe. Video fupi ya kiatu kile kile, soli, ndani, kisigino, karatasi pembeni imeandikwa jina la mteja na tarehe ya leo. Sio picha uliyopakua ambayo wauzaji wengine sitini wanayo. Bei iwe kwenye posti. Imepanda? Sema imepanda na sema kwanini, kama maji mafu. Na kitu kikiwa kimeisha futa posti au andika kimeisha, maana mtu akiulizia vitu vitatu na vyote havipo, anaanza kuamini na wewe haupo.

Wateja wa mikoani nao nawafahamu, nimeshaona meseji zenu: "Sasa wa Songea nitamtumia boda?" Huyo ni mgumu zaidi, kifurushi kinapanda basi na boda wako hayupo kule. Hapo nakubali kianzio, na hata hela yote kwa mzigo mdogo. Lakini usimwanze na mzigo wa laki mbili. Wa vitenge oda ya kwanza ya mkoani anapokea kitenge kimoja au viwili, hata mteja akitaka kumi anamwambia tuanze na viwili uvione. Wengine wanashangaa, muuzaji gani anakataa hela? Wakishapokea viwili wanarudi kwa kumi wenyewe, na mara hii hakuna anayeuliza "utanitumia kweli?" Ofisi ya basi anayotumia inakubali kushikilia kifurushi mpaka yeye apige simu, kwa hiyo kwa mizigo mikubwa anachukua nusu, nusu nyingine inaingia kifurushi kikiwa kimeshafika kule. Uliza ofisi yako kama inakubali, sio zote. Risiti ya kifurushi unaipiga picha na kuituma saa ile ile, jina la basi, saa ya kuondoka, namba ya mhudumu wa kule. Usisubiri mteja akuulize mara tatu ndo uitafute.

Kamba kochi walikuja mchana wa siku ya pili, watano kamili, wa moto, na ile nusu nyingine tulilipa baada ya kula. Dada wa vipodozi alishaibadilisha sentensi yake kwenye ukurasa tukiwa njiani kurudi, sasa inasema nauli kwanza, mzigo ukiushika. Anafuatilia mwezi mmoja, anaandika kila oda iliyokubaliwa na kila iliyokataliwa kwenye daftari. Akimaliza, namba zake nitaziweka hapa kama zilivyo, hata kama zitanigeuka.

Yale ya konda wa Somanga na kamisheni yake ni andiko la Jumatano.